Wasifu wa Mwanahistoria Mwanamke katika Kamusi Elezo: Tahakiki ya Rasimu Yetu Wenyewe

Utangulizi

Makala haya ni tahakiki ya maandishi ambayo mimi ni mmoja wa waandishi wake. Muhula uliopita, katika somo letu la uandishi hapa Kampala, tuligawanywa katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kilipewa kazi ya kuandaa wasifu wa msomi mmoja, kwa kiwango kinachofaa kuwekwa katika Wikipedia ya Kiswahili. Sharti lilikuwa moja: msomi huyo awe amefanya utafiti wake kwa Kiswahili. Kikundi chetu kilimchagua Margaret Strobel, mwanahistoria wa Marekani aliyeandika kuhusu wanawake wa Mombasa. Tuliandika aya tatu, tukazisoma darasani, tukapigiwa makofi. Mwalimu wetu hakupiga makofi. Aliuliza swali moja tu: "Baada ya kusikiliza haya, nani anaweza kuniambia mama huyu aligundua nini?" Darasa lilinyamaza, na sisi wanne tulinyamaza pamoja nalo.

Tangu siku hiyo nimeirudia rasimu ile mara nyingi, na nimeona kwamba kosa letu halikuwa uvivu peke yake. Tulifuata mazoea ambayo yamo katika lugha tunayoitumia na katika kamusi elezo yenyewe. Hoja yangu ni kwamba wasifu wa mwanahistoria hauboreki kwa kuongezewa sifa, vyeo na tuzo. Unaboreka pale kila sentensi inapomwonyesha msomaji mwanahistoria huyo aliuliza nini, alimuuliza nani, na tunajua nini leo ambacho hatukukijua kabla yake. Mwanahistoria akiwa mwanamke, mazoea niliyoyataja huweka mambo mengine mbele ya kazi yake, na mwandishi asipokuwa macho hatambui kwamba kazi imesahauliwa.

Tulichokiruka

Nianze na yale yaliyokuwemo katika rasimu. Tulieleza kwamba kitabu cha Strobel, "Muslim Women in Mombasa, 1890–1975", kilichapishwa na Yale University Press mwaka 1979. Tulieleza kwamba mwaka 1980 kilipata Tuzo ya Herskovits, iliyotolewa na chama cha wataalamu wa taaluma za Afrika nchini Marekani, kwa pamoja na kitabu cha mwanaanthropolojia Richard B. Lee. Tulieleza pia kwamba Strobel alifundisha katika University of Illinois iliyoko Chicago. Yote haya ni kweli. Lakini kila kilichotajwa kilitoka nje ya kitabu: jalada, tuzo na mwajiri. Hatukuwa tumekifungua.

Tulipokifungua baadaye tulikuta mambo ambayo yangemjibu mwalimu kwa sentensi mbili. Kitabu kinaanza mwaka 1890, wakati Mombasa bado ina utumwa. Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, na katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Historia nyingi za kipindi hicho huuliza mashamba yalipata wapi vibarua baada ya watumwa kuondoka. Strobel aliingia ndani ya nyumba. Aliuliza nini kilitokea kati ya bibi mwenye nyumba na mwanamke aliyekuwa mtumwa wake, na ni mila zipi ziliwaunganisha au kuwatenganisha. Ndiyo maana anawafuatilia makungwi, yaani wanawake waliowafunda wasichana waliovunja ungo na maharusi, na kuonyesha jinsi shughuli hizo zilivyohusiana na wanawake wenye asili ya utumwa.

Anazifuatilia pia ngoma za lelemama. Mwanafunzi wa historia ya ngoma za Afrika Mashariki kwa kawaida hukutana kwanza na beni, ngoma ya wanaume iliyoiga bendi na vyeo vya kijeshi, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Strobel alionyesha kwamba wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya ngoma, vyenye viongozi, michango, sare na ushindani mkali. Katika vyama hivyo wanawake wa kiungwana na wanawake wenye asili ya utumwa walikutana, ingawa tofauti za hadhi hazikufutika. Mwaka 1976, katika makala yake "From Lelemama to Lobbying", alieleza jinsi uzoefu huo wa kujipanga ulivyotangulia vyama vya wanawake Waislamu vya baadaye, ambavyo vilipeleka madai kwa wakubwa badala ya kushindana kwa ngoma.

Hilo ndilo aligundua: kwamba ngoma ambayo wengi waliiona kuwa mchezo wa wanawake ilikuwa pia mahali pa kujifunzia uongozi. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumpinga. Lakini msomaji wa rasimu yetu hakupewa nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu hakuambiwa.

"Wa kike"

Rasimu yetu ilianza hivi: "Margaret Strobel ni mwanahistoria maarufu wa kike kutoka Marekani ambaye ametoa mchango mkubwa sana katika historia ya wanawake." Kila neno katika sentensi hiyo lina tatizo lake, lakini nianze na maneno "wa kike".

Kiambishi cha nafsi cha Kiswahili hakitaji jinsia. Tukisema aliandika, alifundisha, alisafiri, msomaji hajui kama ni mwanamume au mwanamke mpaka aambiwe. Mwandishi wa Kiingereza hana nafasi hiyo, kwani viwakilishi vyake humlazimisha kutaja jinsia karibu katika kila sentensi. Sisi tunaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu utafiti wa mtu bila jinsia yake kutangulia. Lakini badala ya kuitumia nafasi hiyo, sisi tuliiona kama pengo, tukaliziba kwa "wa kike". Kikundi kingine darasani kiliandika kuhusu mwanahistoria mwanamume. Hakikuandika "mwanahistoria wa kiume", na hakuna aliyetarajia kiandike hivyo. Maana yake ni kwamba kwetu sote neno "mwanahistoria" likiwa peke yake lilimaanisha mwanamume.

Jambo hili limewahi kuzua mjadala mkubwa katika Wikipedia ya Kiingereza. Mwezi wa Aprili 2013 mwandishi wa riwaya Amanda Filipacchi alieleza hadharani kwamba waandishi wa riwaya wanawake walikuwa wakiondolewa katika jamii ya "waandishi wa riwaya wa Marekani" na kuwekwa katika jamii ya "wanawake waandishi wa riwaya wa Marekani". Wanaume walibaki katika jamii kuu, kana kwamba wao ndio waandishi wenyewe. Maneno yetu mawili yalifanya kazi ileile ya kumhamisha mtu kutoka sebuleni kwenda chumba cha pembeni.

Mwaka huohuo wa 2013 mwandishi wa habari Christie Aschwanden alipendekeza kipimo alichokipa jina la mwandishi mwenzake, Ann Finkbeiner. Kwa kipimo hicho, makala kuhusu mwanasayansi mwanamke isitaje kwamba ni mwanamke, wala kazi ya mumewe, wala mipango yake ya kulea watoto, wala kwamba yeye ni "mwanamke wa kwanza" kufanya jambo fulani. Nilipoipima rasimu yetu kwa kipimo hiki ilianguka kwenye sentensi ya kwanza.

Hata hivyo sikubaliani na kipimo hiki moja kwa moja. Kiliundwa kwa ajili ya wanasayansi, na nyota au molekuli haijali nani anaitazama. Kungwi anajali. Mengi ya anayofundisha hufundishwa mahali ambapo mwanamume haingii, na mtafiti mwanamume asingekaribishwa. Kwa hiyo kuwa mwanamke ni sehemu ya maelezo ya jinsi Strobel alivyopata alichokipata. Ninapendekeza swali jepesi zaidi: je, taarifa hii inaeleza kazi yake, au inaeleza mshangao wetu? Tukiandika kwamba mtafiti aliweza kukaa na wanawake na kusikiliza mambo ya unyago kwa kuwa naye ni mwanamke, tunaeleza kazi. Tukiandika "mwanahistoria wa kike", tunaonyesha kwamba tumeshangaa.

Mume kabla ya kitabu

Wasifu nyingi katika Wikipedia zina kisanduku upande wa kulia chenye nafasi za kujazwa: kuzaliwa, nchi, kazi, ndoa. Nafasi tupu inamkera mwandishi. Mmoja wetu alitumia jioni nzima kutafuta jina la mume wa Strobel, na wakati huo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amesoma kitabu chake. Ninaandika hili bila kumlaumu mwenzangu, kwa sababu mtu huyo ni mimi.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumelelewa katika mazoea hayo. Mwana Kupona, mtunzi wa utendi wa mwaka 1858, hutambulishwa kwetu kwanza kama mke wa Bwana Mataka wa Siu. Kwa upande wake utambulisho huo una sababu. Utendi wake ni mausia kwa binti yake, na sehemu kubwa inahusu ndoa. Kujua kwamba mtunzi alikuwa mke wa mtawala, na kwamba alikuwa mgonjwa alipotunga, kunamsaidia msomaji kuuelewa utendi. Kwa swali langu la hapo juu, taarifa hiyo inaeleza kazi. Tatizo letu ni kwamba tumeuchukua utambulisho huo tukaufanya kanuni kwa kila mwanamke, hata pale ambapo ndoa yake haina uhusiano wowote na alichokiandika.

Lugha nayo inachangia. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wasifu wa mwanamume husema "alioa mwaka fulani", na sentensi inaendelea na yeye akiwa mtenda. Wasifu wa mwanamke husema "aliolewa na", na hapo hapo mtu mwingine anaingia kama mtenda wa sentensi, mara nyingi pamoja na cheo chake. Sisemi tuibadilishe sarufi. Ninasema mwandishi wa wasifu ana njia nyingine, kama "walifunga ndoa" au "walioana", na ana njia iliyo bora zaidi: kuliacha jambo hilo kama halihusiani na kazi.

Umaarufu na pongezi

Nirudi kwenye neno "maarufu". Ili mtu apate makala katika Wikipedia, sheria hudai kwamba watu wengine wasiohusiana naye wawe wameandika kumhusu katika vyanzo vya kuaminika. Darasani tulilitafsiri sharti hili kwa neno "umaarufu", na neno hilo likatupotosha. Sharti linahusu kuandikwa, lakini sisi tulisikia kujulikana na kusifiwa. Ndiyo maana tukajaza "maarufu", "anajulikana sana", "mchango mkubwa", tukidhani ndivyo tunavyothibitisha kwamba anastahili. Sifa zisizo na ushahidi hazimsaidii. Zinafanana na salamu za rambirambi, ambazo hazimwambii mgeni marehemu alikuwa nani.

Kwa wanawake sharti hili lina mtego mwingine. Mwezi wa Oktoba 2018 Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, alipata Tuzo ya Nobel. Siku hiyo Wikipedia ya Kiingereza haikuwa na makala kumhusu. Mapema mwaka huohuo rasimu ya wasifu wake ilikuwa imekataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo vilivyotajwa havikuonyesha kwamba anastahili makala. Mhariri aliyekataa alifuata sheria. Lakini sheria inategemea walioandika zamani, na kama hao waliandika kidogo kuhusu wanawake, kamusi elezo itarithi ukimya wao. Mwaka 2014, katika Wikipedia ya Kiingereza, kati ya kila wasifu 100 takriban 15 tu zilihusu wanawake. Mwaka 2015 ilianza kampeni iliyoitwa Women in Red, iliyopewa jina hilo kutokana na viungo vyekundu ambavyo huonyesha makala isiyokuwepo. Idadi imepanda na kufika karibu 20 kwa kila 100.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huziita makala zake fupi "mbegu". Ni jina zuri, kwa sababu mbegu inatazamiwa kuota. Lakini rasimu kama yetu, yenye pongezi badala ya maelezo, inaonekana imekomaa wakati bado ni mbegu, na mwingine akiipita hatasimama kuimwagilia maji.

"Alitoa sauti"

Sentensi tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Strobel aliwapa sauti wanawake wa Mombasa waliokuwa hawana sauti." Ndiyo iliyopigiwa makofi, na ndiyo ninayoiona sasa kuwa na kosa kubwa kuliko "wa kike".

Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha "Three Swahili Women", kitabu cha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Mwaka 1991 masimulizi hayo yalitoka kwa Kiswahili, kwa jina la "Wanawake Watatu wa Kiswahili". Wasimulizi ni Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wanawake wa hadhi tofauti katika mji mmoja. Rasimu yetu ilikitaja kitabu hiki kwa maneno "vitabu vingine alivyoandika na wenzake". Katika maneno hayo machache tuliwafuta watu wanne: mhariri ambaye jina lake linatangulia kwenye jalada, na wanawake watatu ambao maisha yao ndiyo kitabu chenyewe.

Mwalimu alitupa fotokopi ya toleo la Kiswahili. Kwetu sisi wa Uganda, ambao wengi tulijifunza Kiswahili shuleni na sokoni, Kiswahili cha wanawake hao hakikuwa rahisi, na tulilazimika kukisoma polepole kwa kuulizana. Lakini jambo moja lilionekana mapema. Hawa si watu waliokuwa wakingoja kupewa sauti. Wanasimulia kwa uhakika, wanachagua la kusema na la kunyamazia. Wanawake wa mji huo waliongoza vyama, walishindana kwa ngoma mbele ya umma, waliwafundisha mabinti wa watu. Aliyekosekana alikuwa msikilizaji mwenye kinasa sauti na nafasi ya kuchapisha. Tukisema Strobel "aliwapa sauti", tunamtukuza kwa jambo ambalo hakulifanya, na tunaacha kumsifu kwa alilolifanya, yaani kujifunza lugha ya watu, kukaa, kuuliza, kisha kushirikiana na Mirza kuyatoa maneno hayo yakiwa na majina ya wenyewe.

Wasifu mzuri ungetaja pia jambo linalohitaji kuulizwa. Maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili yalichapishwa kwanza kwa Kiingereza, na toleo la lugha yake likafuata baada ya miaka miwili. Sisemi hivyo kwa kulaumu, kwani vitabu vingi vya aina hiyo havikurudi kabisa katika lugha vilikotoka. Lakini msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua mpangilio huo, na kujua kwamba toleo lake lipo.

Mwenzetu mmoja alipinga nilipopendekeza kuyaingiza majina ya wasimulizi. Alisema huu ni wasifu wa Strobel, na kwamba tukiwataja wote waliohojiwa na mwanahistoria, wasifu utageuka orodha. Hoja yake ina uzito kwa wanahistoria wengi. Kwa Strobel ninaona jibu ni tofauti, kwa sababu wasimulizi hawa hawakuwa watu wa kunukuliwa mara moja katika tanbihi. Maisha yao ndiyo kitabu. Wasifu unaotaja kitabu na kuwaacha wao unapingana na kitabu unachokisifu. Mpaka leo hatujakubaliana kabisa, na katika rasimu ya mwisho majina yamo, lakini mara moja tu.

Chanzo ni nini?

Tulipokuwa tukiandika upya, mwenzetu mwingine alisema nyanya yake alikulia Mombasa na anakumbuka lelemama. Alipiga simu, akarudi na maelezo mazuri kuhusu sare na jinsi kundi moja lilivyokuwa likilitania jingine. Tulitaka kuyaweka. Hatukuweza. Wikipedia haikubali utafiti mpya wala habari isiyoweza kuhakikiwa na msomaji mwingine, na simu ya nyanya haihakikiki.

Mwanzoni niliona hapa kejeli kubwa. Strobel alipata tuzo kwa kuonyesha kwamba kumbukumbu za wanawake ni ushahidi wa historia, na sasa wasifu wake haukubali kumbukumbu ya mwanamke. Maneno ya Kaje wa Mwenye Matano yanakubalika kwa sababu yalipita katika matbaa ya chuo kikuu cha Marekani, na ya nyanya wa mwenzetu yanakataliwa kwa sababu yalipita katika simu. Si mimi wa kwanza kuliona tatizo hili. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi uliojaribu kutumia mahojiano yaliyorekodiwa India na Afrika Kusini kama vyanzo vya Wikipedia, akitengeneza na filamu iliyoitwa "People Are Knowledge". Lakini kwa sehemu kubwa sheria haikubadilika.

Baada ya kufikiri zaidi sioni kwamba sheria hiyo ni ya kipuuzi. Strobel mwenyewe hakuchukua kila alichosikia. Alilinganisha simulizi na simulizi, na simulizi na nyaraka, kisha akaweka kazi yake mahali ambapo mwingine angeweza kuipima. Tofauti kati ya masimulizi kama chanzo na porojo ni kazi hiyo ya kulinganisha na kuhifadhi. Sheria inakosea inapodhani kwamba kazi hiyo hufanyika katika matbaa kubwa peke yake. Sisi nasi tunakosea tunapoilalamikia sheria huku hatuhifadhi chochote. Maelezo ya nyanya yule yako katika simu ya mwenzetu, na simu ikipotea yamepotea.

Hapa ndipo ninapoona jambo linalotuhusu moja kwa moja. Tulimchagua Mmarekani kwa sababu vyanzo vyake vilikuwepo. Lakini Uganda ina mwanahistoria Nakanyike Musisi, aliyechunguza historia ya wanawake wa Buganda na kuwahi kuiongoza Makerere Institute of Social Research, na ambaye pamoja na Jean Allman na Susan Geiger alihariri kitabu "Women in African Colonial Histories" mwaka 2002. Kuna Mkenya Tabitha Kanogo, aliyeandika "Squatters and the Roots of Mau Mau" mwaka 1987 na baadaye kitabu kuhusu wanawake katika Kenya ya kikoloni. Kazi zao zipo. Kilicho kichache ni maandishi ya Kiswahili yanayozijadili: mapitio ya vitabu, tasnifu, makala za majarida. Bila hayo, mwandishi wa kamusi elezo ya Kiswahili atategemea vyanzo vya Kiingereza hata anapoandika kuhusu jirani yake.

Hitimisho

Rasimu yetu ya mwisho inaanza hivi: "Margaret Strobel ni mwanahistoria wa Marekani aliyechunguza maisha ya wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975, na kuonyesha jinsi vyama vya ngoma vilivyokuwa njia yao ya kujipanga na kuongoza." Maneno "maarufu", "wa kike" na "mchango mkubwa" hayamo tena. Tuzo ya Herskovits imebaki, lakini imeshuka hadi aya ya tatu. Nafasi ya ndoa ni tupu, na tumeiacha hivyo kwa makusudi. Jina la Sarah Mirza linatangulia panapotajwa "Wanawake Watatu wa Kiswahili", kama linavyotangulia kwenye jalada.

Wasifu huu bado una upungufu. Hauelezi vya kutosha jinsi wanahistoria wengine walivyoipokea kazi yake, na vitabu vyake vya baadaye kuhusu wanawake wa Ulaya katika makoloni vimepata mstari mmoja tu. Atakayeuendeleza ana pa kuanzia. Kwa wenzangu watakaopewa kazi kama hii muhula ujao, ninawashauri wamsomee rasimu yao mtu ambaye hajawahi kumsikia msomi huyo, kisha wamuulize swali la mwalimu wetu: aligundua nini? Kama hawezi kujibu, wasiongeze sifa. Warudi kwenye kitabu.

Mwenzetu yule amekwisha kwenda kwa nyanya yake na kinasa sauti, na ameniomba nimsaidie kuyaandika masimulizi hayo. Najua kwamba tukiyachapisha katika mkusanyiko wa wanafunzi kama huu bado hayatakubaliwa kirahisi kama chanzo. Tutayaandika hata hivyo, kwa tarehe, kwa mahali, na kwa jina lake mwenyewe iwapo ataridhia.